Kabati la Bi Zuwena na Ulimi Wangu

Nianze kwa kukiri, asije mtu akasema nimeficha: katika daftari langu la mwaka ule, daftari ambalo niliandika kila siku hata siku isiyotokea kitu ila kubadilisha mashuka, siku ya Matrah ina mstari mmoja tu, nao ni "Leo nimeaibika, nitaandika kesho," na kesho yake sikuandika, wala kesho kutwa, na sasa imepita miaka na bado nikikumbuka nikiwa peke yangu jikoni najifunika uso kwa kanga kana kwamba kuna mtu ananitazama. Lakini mmenibana wenyewe, mnataka kusikia, basi sikieni, na mkicheka mcheke kwa haki, maana nami nitajitahidi kusema kwa haki: la kwangu nitasema langu, na la nguzo nitasema la nguzo. (Nguzo inakuja, msiwe na haraka.)

Wakati huo nilikuwa mtandika vitanda katika meli ya watalii, meli ndefu kama mtaa uliolazwa majini, na nilikuwa na miezi miwili tu ya mkataba wangu wa kwanza, baada ya miaka sita ya kutandika vitanda vya hoteli ya ufukweni kwetu Tanga, ambako vitanda havitikisiki. Mama yangu alikuwa ameshatangaza Ngamiani nzima kwamba Mwanaidi wake anazunguka dunia (hakusema nazunguka na ndoo na brashi ya choo, na simlaumu, mama ni mama). Kwa hiyo kitu nilichokiogopa kuliko mawimbi kilikuwa kimoja: kuachwa na meli. Sheria yao ilikuwa nyepesi, hata mimi wa darasa la saba niliielewa. Mfanyakazi akishuka bandarini na meli ikaondoka bila yeye, kazi imekwisha, wakala wa meli anamtia kwenye ndege anarudishwa kwao, na kwao ni Ngamiani, na Ngamiani mama yangu ameketi barazani anaulizwa, "Dunia imekwisha kuzungukwa mara hii?"

Jambo la pili la kulijua, maana bila hilo mtaniona mjinga kuliko nilivyokuwa, ni kwamba melini tulifundishwa kusifu. Mgeni akivaa kofia, sifu kofia. Akitoka na mke wake, sifu gauni la mke wake. Akikuonyesha picha ya mbwa wake, sifu mbwa. Mwanzoni niliona taabu, kwa sababu kwetu mtu hakurupuki kusifu kitu cha mwenzake bila kutanguliza mashallah, jicho lisije likakipata, lakini kila nikisema mashallah wazungu wa watu walidhani nimewapa jina langu, wakaanza kuniita hivyo, basi nikaacha, na kidogo kidogo ulimi wangu ukazoea kutoa sifa kavu. Hapo ndipo mkasa ulipotaga mayai.

Asubuhi tulipofunga gati Matrah, bandari ya Oman, tuliambiwa wafanyakazi wanaotaka kushuka wapande basi dogo, watembezwe kwa pamoja, wale chakula cha mchana, warudishwe. Mwisho wa kurudi saa tisa, meli inaondoka saa kumi. Mimi nikasema sipandi basi. Akinyi, mwenzangu wa chumba, binti wa Kisumu, akanitazama juu mpaka chini.

"Wee Mwanaidi, usijifanye mjuaji. Hapa si kwenu."

"Kwetu ni pwani na hapa ni pwani," nikamwambia, "na watu wa hapa wanasema Kiswahili. Nitapoteaje?"

"Hata Kisumu ni pwani ya ziwa," akasema, "na mimi hupotea huko kila Krismasi."

Angenipiga kofi ningeshukuru leo, lakini alicheka tu akapanda basi, na mimi nikatoka getini peke yangu, nimevaa sketi yangu nyeusi ndefu na blauzi nyeupe na mtandio, nimebana mkoba kwapani, najiona kama mke wa balozi.

Na niseme kwa haki kwamba saa ya kwanza ilikuwa tamu. Nilipita kwenye vichochoro vya soko, huku ubani, huku vitambaa, huku kofia za kushonwa kwa mkono, na kila hatua chache nasikia Kiswahili, na si Kiswahili cha kujikongoja, Kiswahili cha Unguja kilichonyooka, mabibi wenye mabuibui wanabishana kuhusu bei ya iliki kama wako soko la Darajani. Nilifurahi mpaka nikawa nasalimia watu nisiowajua. Shikamoo huku, shikamoo kule. Wote wanaitikia! Kichwa kikapanda. Kwa hiyo nilipofika mbele ya karakana ya fundi mmoja wa Kihindi, nikakuta wanaume wanne wanatoa kabati, kichwa changu hakikuwepo shingoni tena, kilikuwa juu huko na njiwa.

Kabati lenyewe jamani! La mvule, limechongwa maua mpaka miguuni, limepigwa vanishi mpya linang'aa, na mlango wa katikati wote ni kioo. Mabibi wawili walikuwa wanalisindikiza kama wanasindikiza mgonjwa. Mmoja mzee mwembamba, baadaye nikajua ndiye Bi Zuwena mwenye kabati, na mwingine mnene wa makamo, Bi Rahma, binti yake.

"Taratibu na kioo!" Bi Zuwena alikuwa anawaambia wachukuzi, kwa Kiswahili, ingawa hakuna hata mmoja kati yao aliyekijua. "Kioo hicho kimevuka bahari kutoka Unguja na hakikupata hata mkwaruzo!"

Na mimi, mtoto wa Tanga, niliyelelewa na bibi, niliyefundishwa adabu, nikasimama katikati ya njia nikatoa sauti ile ya melini:

"Loo! Kabati hilo! Zuri mno, sijapata kuona! Kioo kama maji ya kisima!"

Kwaa.

Sasa nguzo. Mbele ya haki, nguzo ya chuma ya banda la duka la jirani ilikuwepo, imetokeza njiani, na mchukuzi wa mbele alikuwa anakwenda kinyumenyume. Lakini mbele ya haki hiyohiyo, wachukuzi wale walikuwa wameshapita mlango na ngazi na mikokoteni bila kugusa kitu, wakasubiri mimi nifungue mdomo. Kioo kilipata ufa kutoka pembe ya juu mpaka chini, mmoja tu, ulionyooka, nami nikajiona ndani yake nimekatwa vipande viwili.

Wapita njia wote wakasimama. Hata yule muuza ubani wa pembeni alishusha chetezo.

"Nani kasema?" Bi Rahma akauliza, bila kugeuka.

Hakuna aliyenionyesha kidole. Walinipisha tu, wote, nikabaki peke yangu kama kiatu kilichosahauliwa msikitini.

"Wewe! Hukusema mashallah?"

"Nilikuwa nataka kusema, mama."

"Ulikuwa unataka! Na kioo kilikuwa kinataka kufika nyumbani!"

Watu wakacheka, na mimi nikatamani ardhi ya Oman inimeze, lakini ardhi ya Oman ni mwamba mtupu, haimezi mtu. Bi Zuwena ndiye aliyeniokoa, au aliyenimaliza, mpaka leo sijaamua.

"Mwache, Rahma. Mwanangu, mtu wa wapi wewe?"

"Tanga, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Tanga! Basi si mgeni, jambo hili walijua. Nna mjukuu mmoja tu wa kike, Nasra, na jioni hii anatiwa hina. Kabati hili ndilo zawadi yangu kwake. Mimi sikusingizii, mwanangu, nguzo nimeiona kwa macho yangu. Lakini nikikuacha ukenda hivi hivi, mimi silali, na wewe hulali. Twende nyumbani utunawie maji, ule, urudi zako."

Kunawa maji, kwa asiyejua, ni hivi: mtu anayedhaniwa jicho lake limedhuru, ananawa uso na mikono na magoti na miguu ndani ya beseni, na maji yale anamwagiwa aliyedhurika. Hayana gharama, hayana tusi, na kama jicho lako halina kosa hukupoteza ila vumbi la miguu. Kwetu nimeliona likifanywa, kwa hiyo sikuweza kujitia mzungu. Isitoshe mabibi wale walikuwa na adabu kiasi kwamba kushutumiwa nao kulikuwa kama kualikwa karamu. Nikatazama saa. Saa nne na nusu. Nikauliza swali moja tu, na kwa swali hilo najilaumu kuliko kabati:

"Ni mbali, bibi?"

"Hapa tu. Hail."

Nikadhani Hail ni mtaa nyuma ya soko. Nikapanda gari la Bi Rahma, pikapu la kabati likatangulia, na Bi Rahma akaendesha kama anayekwenda kumshitaki mtu. Tukapita mtaa wa Ruwi. Nikasema moyoni, haya, nyuma ya Ruwi. Ruwi ikabaki nyuma, ikaja barabara pana ya magari ya kasi, milima ikasogea, uwanja wa ndege ukapita, na mimi mkono umeshika mlango.

"Bado, bibi?"

"Tushafika, mwanangu," akasema Bi Zuwena, na akasinzia.

Tulifika karibu saa sita. Nyumba ilikuwa nyeupe, imejaa wanawake, viatu mlangoni kama duka la viatu, na ndani kunanukia udi na vitunguu. Bi Rahma akatangaza habari kabla sijavua viatu, na wanawake wale wote wakanigeukia kwa pamoja, na mimi kwa hofu nikaanza kusema mashallah kwa kila kitu nilichokiona, nisije nikadhuru kingine. Mashallah mlango. Mashallah zulia. Nikaletewa kahawa, mashallah chupa ya chai. Kiyoyozi kikanguruma, nikakiambia mashallah. Wasichana wakaanza kunionyesha vitu kwa makusudi.

"Na hili feni, dada?"

"Mashallah feni."

"Na shangazi yetu Rahma?"

"Mashallah shangazi," nikasema, na hapo hata Bi Zuwena alicheka mpaka akashika ubavu. Nami nikaanza kucheka. Niseme ukweli, nilifurahi. Miezi miwili sikuwa nimekaa chini kwenye mkeka na watu wanaonitania.

Beseni likaletwa. Nikanawa, Bi Rahma amesimama juu yangu kama msimamizi wa mtihani. "Goti hilo bado. Hilo la kushoto. Kisigino!" Nilipomaliza ndipo likaibuka swali ambalo hakuna aliyelifikiria njia nzima: maji yale anamwagiwa nani?

"Bi harusi," akasema Bi Zuwena. "Kabati ni lake."

Nasra alikuwa ameketi mlangoni, binti mrefu mwenye miwani, anafanya kazi benki huko Ruwi, nywele zimenyooshwa zinameremeta.

"Wallahi Bibi, hapana! Nimekaa saluni tangu alfajiri! Nimwagiwe maji ya miguu ya mtu?"

"Miguu yake safi," akasema Bi Zuwena.

"Nimeosha jana," nikasema mimi, nikidhani nasaidia.

"Basi limwagiwe kabati lenyewe," Bi Rahma akakata shauri. "Ndilo lililopasuka."

Kila mtu akaona ni busara, hata mimi. Kabati lilikuwa limeshasimamishwa ukumbini. Bi Rahma akanyanyua beseni, akasema bismillahi, akalimwaga lote, kwa moyo mmoja. Maji yakashuka juu ya maua, juu ya kioo, juu ya vanishi ambayo fundi alikuwa amesema (hili nimelijua baadaye) isiguswe hata na kitambaa kibichi kwa siku tatu. Tukasimama tunatazama. Taratibu, kama mtu anayeota mvi mbele ya macho yako, kabati likageuka jeupe. Madoa, michirizi, mabaka, kuanzia juu mpaka miguuni.

Hakuna aliyecheka sasa. Bi Rahma alinitazama kwa heshima mpya.

"Jicho hili," akasema pole pole, "maji hayalitoshi."

Nilitaka kusema kwamba hapo jicho halikuingia, hapo palikuwa vanishi na maji tu, lakini nikawaza, nani amekuuliza, Mwanaidi, na kwani una hakika? Maana kitu kilichonisumbua kuliko macho ya watu ni kwamba nilianza kuamini. Nilikumbuka chungu cha shangazi yangu nilichokisifu kikavunjika. Nilikumbuka kuku. Mtu ukitafuta dhambi zako hukosi.

Nikasikia kitu kimevuta sketi yangu nyuma, kisha "kwach". Bi Rahma alikuwa ameshika mkasi na kipande cha nguo. Huchukuliwa uzi wa nguo ya mwenye jicho, unachomwa pamoja na ubani, moshi unafukiza kilichodhurika. Uzi! Mimi nilijua uzi, kwa hiyo nikatulia, nikasema samahani mama, chukua, na sikugeuka kuangalia nyuma. Yeye akaenda kulifukiza kabati, akilizunguka na chetezo.

Na hapo nikamwona Bi Zuwena. Alikuwa amechutama kwenye kona ya kabati, anayafuta madoa kwa pembe ya kanga yake, kidogo kidogo, doa kwa doa, huku akilisemesha kwa sauti ndogo, kama mtu anayemfuta mtoto pua. Nasra naye alikuwa anamtazama, akavua miwani akaifuta bila sababu.

Kisha sinia zikaja. Wali wa nazi, mchuzi wa papa, achari. Nikisema naondoka wananikalisha, nikisema nimeshiba wananiongezea, na haikuwa ubaya wao, ni mimi niliyekuwa naona haya kusema neno "saa" katika nyumba niliyoiharibia harusi. Nilipoitazama saa ya ukutani ilikuwa saa nane na dakika arobaini.

"Bibi," nikasema, nikasimama na tonge mkononi, "meli yangu inaondoka saa kumi."

"Meli gani?"

"Meli ninayofanyia kazi. Iko Matrah. Wakiniacha kazi imekwisha."

Mikono yote ikasimama juu ya sinia. "Mwanangu," akasema Bi Zuwena, "sisi tulidhani u mfanyakazi wa nyumba za huku! Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nataka kusema," nikajibu, na Bi Rahma akafumba macho.

Ikawa mbio. Gari la Bi Rahma lilikuwa limezibwa nyuma na magari ya wageni, wenyewe hawajulikani wako chumba gani. Mmoja anaita dereva wa teksi kwa simu, mwingine ananipa halwa ya njiani, mwingine ananitafutia viatu. Nasra akanyakua funguo zake juu ya friji.

"Gari langu liko barabarani. Twende, dada."

"Bi harusi hatoki!" akapiga kelele Bi Rahma.

"Bi harusi hatoki akishatiwa hina, shangazi. Bado mikono yangu mitupu, tazama!" Na tukatoka.

Sijapata kupanda gari linalokwenda vile. Nasra alivua ushungi akautupa kiti cha nyuma, akaurudisha tulipokaribia polisi, akautupa tena. Nilikuwa nimeshika halwa kwa mikono miwili, nasoma kila nilichohifadhi madrasa. Tulipoupita uwanja wa ndege nikafikiri, pengine kesho nitakuwa hapo, nikaanza kulia, nikamwambia anisamehe kwa kabati.

Akalipita basi moja. Halafu akasema, "Dada, nikwambie kitu? Lakini usimwambie Bibi maisha."

"Simwambii."

"Mimi kabati lile nilikuwa silitaki. Nilitaka la kisasa, jeupe, nimeliona Ruwi. Sikuweza kumwambia. Wiki nzima kila nikisali naomba lipate ajali njiani."

Nikageuka nikamtazama. "Kumbe ni wewe!"

"Mimi sijalisifu!"

"Wewe umeliombea ajali wiki nzima, mimi nimelisifu mara moja!"

"Na nguzo je?" akasema.

Tukatazamana, tukaanza kucheka, tukacheka mpaka gari likayumba na lori likatupigia honi, tukacheka tena. Kisha akafuta machozi. "Lakini pale alipokuwa analifuta na kanga yake," akasema, "khalas. Nitalichukua hivyo hivyo. Na ufa wake."

Sasa mtaniuliza, basi ilikuwa jicho la nani? Sijui. Nimelipima mara nyingi. Dua yake, sifa yangu, nguzo ya mwenye duka, mchukuzi wa kinyumenyume. Ninachojua ni kwamba nilimwahidi nisiseme, kwa hiyo huko Hail mpaka leo mwenye jicho ni mimi. Nimekubali. Bi Zuwena akijua ya mjukuu wake ataumia, akijua yangu anacheka tu.

Tulifika getini dakika kumi na mbili kabla ya saa kumi. Nikamkumbatia Nasra, nikamwachia halwa yangu kwa kuchanganyikiwa, nikakimbia. Askari akanizuia: ndani ya bandari hakuna ruhusa kutembea kwa miguu, na basi la mwisho limeshakwenda. Nikamwonyesha kitambulisho, nikamwonyesha meli, nikamwonyesha machozi. Akapiga mluzi, akasimamisha pikapu moja lililokuwa na wanaume watatu nyuma. "Panda na hawa," akasema kwa Kiswahili safi. "Hawa ndio wanaokwenda kuzifungua kamba za meli yako. Hawawezi kuanza kabla hujafika."

Ndivyo nilivyoingia: nimesimama nyuma ya pikapu, nimeshika chuma, upepo wa bahari unanipiga. Wale wanaume watatu wote waligeuza nyuso zao upande wa pili kwa wakati mmoja, nikasema moyoni watu wa nchi hii wana adabu sana. Basi abiria wa meli wana mchezo wao, saa ya kuondoka hujipanga kwenye vizuizi vya juu, mstari juu ya mstari, kuwashangilia waliochelewa. Wakaniona. Ikaanza shangwe, makofi, miluzi, kamera. Nikapunga mkono! Nilishuka, nikawapa mgongo kuelekea ngazi, na shangwe ikapanda ikawa kelele, nikasikia na kicheko ndani yake, na upepo ukaingia mahali ambapo upepo hauna kawaida ya kuingia.

Nikapeleka mkono nyuma. Bi Rahma hakuwa amekata uzi. Alikuwa amekata dirisha. Kipande kikubwa kama mkate wa kumimina, na katika dirisha hilo lilikuwa linaonekana gagulo langu, na gagulo langu (nitasema yote, nimeshaanza) nilikuwa nimelishona mwenyewe kwa pazia kuukuu la vyumba vya abiria, lililotupwa, na niliomba ruhusa kulichukua, la buluu lenye nanga za dhahabu. Juu kule mzee mmoja wa vyumba vyangu, ambaye kila asubuhi niliisifu kofia yake, akapiga kelele akimwonyesha mke wake. Sikuhitaji kutafsiriwa. Alikuwa analitambua pazia lake. Ngazi ile ina vidato thelathini na nne, na nilipanda vyote nimeziba dirisha kwa mkoba, na makofi hayakupungua hata kidato kimoja. Akinyi alikuwa juu kabisa, ameshika mdomo kwa mikono miwili, hawezi hata kusema nilikwambia.

Kazi haikwenda. Kamba zilikuwa bado zimefungwa, na aliyeingia kabla ya kamba kufunguliwa hesabu yake ni mchelewaji, si mwachwaji. Lakini msimamizi wetu, mama mmoja Mfilipino asiyependelea mtu, alinikalisha ofisini, sketi nimeifunga taulo, akanipa fomu ya onyo nijaze kwa mkono wangu. Swali la kwanza lilikuwa sababu ya kuchelewa, nafasi yake mstari mmoja. Kiingereza changu ni cha mashuka na sabuni. Nilikaa na kalamu muda mrefu, nikitafuta Kiingereza cha nguzo, cha hina, cha Hail, hakuna kilichoingia katika mstari mmoja. Mwisho nikaandika ukweli: "Nilikuwa naosha miguu kwa ajili ya kabati."

Akasoma. Akasoma tena, akiisogeza taa.

"Kabati?"

"Kabati, mama."

"Likapona?"

Nikafikiri, ili nijibu kwa haki. "Hapana," nikasema. "Lakini limepata mwenyewe."

Akanitazama, akatazama taulo, akanirudishia karatasi. "Umeacha swali la pili," akasema.

Swali la pili lilikuwa nitafanya nini jambo hilo lisitokee tena. Hapo sikukaa na kalamu hata kidogo. Niliandika kwa herufi kubwa, na ndivyo nilivyoishi mpaka leo: kitu cha mtu nitakisifu kikishafika kwake, na mimi nikishafika kwangu.